Nianze na elektrodi au na vijia? Jibu kwa mdogo wangu mwenye nafasi mbili

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, linasema hivi: "Shikamoo Dokta. Nimemaliza digrii ya kemia na nimepata nafasi mbili za kuendelea mpaka PhD. Moja ni maabara ya biosensa za kielektrokemia, nyingine ni maabara ya maikrofluidiki kwenye kitivo cha uhandisi. Watu wananiambia fani hii imeshakwisha kwa sababu mashine ya kupima sukari ipo miaka mingi, na kwamba ukitoka na PhD ya hivi unabaki kufundisha tu. Nichague ipi, na baada ya miaka kumi nitakuwa wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana kupata nafasi mbili kwa mpigo si jambo dogo. Nimekaa na swali lako siku tatu nikilifikiria, kwa sababu nilitaka nikupe kile ambacho mimi mwenyewe ningefurahi kuambiwa wakati nipo hapo ulipo wewe leo, na mimi kwenye hii kazi nina miaka karibu ishirini sasa.

Jibu nakupa hapa hapa mwanzoni ili usihangaike kulitafuta: anza na elektrodi. Chukua ya elektrokemia, vijia utavikuta mbele ya safari. Ila sababu yake ndo ina uzito kuliko jibu lenyewe, na kuna hali moja ambayo ningekwambia ugeuze uende kule kwa wahandisi, ntaifikia.

Kwa wasomaji wengine ambao hii lugha ni ngeni, biosensa ya kielektrokemia ni elektrodi, yaani kipande cha metali au kaboni kinachopitisha umeme, iliyopakwa kitu chenye asili ya uhai kinachoitambua molekuli fulani, iwe kimeng'enya, kingamwili au kipande cha DNA, halafu ule utambuzi unageuka kuwa umeme ambao tunaupima. Maikrofluidiki nayo ni kuendesha vimiminika kwenye vijia vyembamba sana, upana wa unywele hivi, juu kidogo au chini kidogo.

Sasa tuanze na hao wanaosema fani imekwisha. Mimi nawaelewa, wanaangalia mashine ya sukari wanaona kazi imemalizika, lakini hawajui kwamba glukosi, hiyo sukari ya damu yenyewe, ni molekuli iliyotubeba sana. Kwanza ipo nyingi, mtu ambaye hajala tangu jana usiku ana kama milimoli 5 kwa lita ya damu. Pili kuna kimeng'enya kinaitwa glukosi oksidesi, kinatoka kwenye ukungu wa Aspergillus niger, ni kigumu, kinavumilia kukaushwa na kukaa kwenye pakiti, na kinaichagua glukosi kwa ukali mno kati ya sukari zote. Yaani vitu viwili vigumu zaidi kwenye biosensa, wingi wa unachokitafuta na uimara wa kinachokitambua, kwa glukosi vyote ulivikuta mezani.

Halafu chukua troponini T, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ukiumia, ndo daktari anaitafuta mtu akifika na maumivu ya kifua. Kwa vipimo vya siku hizi vyenye usikivu mkubwa, mpaka unaotumika ni nanogramu 14 kwa lita. Igeuze hiyo kuwa moli uone, inaangukia chini ya nusu pikomoli kwa lita, maana yake imezidiwa na glukosi zaidi ya mara bilioni kumi. Na inaogelea humo kwenye damu yenye gramu kama 40 za albumini kila lita, albumini ambayo kila ikiona sehemu ya dhahabu au kaboni iko wazi inaenda kujibandika. Hapo hakuna kimeng'enya cha kuisaga troponini ikatoa umeme, inabidi uikamate kwa kingamwili au aptama (kipande cha DNA kinachokamata molekuli kama kingamwili) halafu utafute namna ya kufanya huo ukamataji uonekane kwenye waya. Kwa hiyo mtu akikwambia imekwisha mwambie bado tupo kwenye molekuli chache tu, na kwenye vile vya kuvaa mwilini muda wote ndo kwanza, glukosi peke yake ndo imesimama imara kweli kweli.

Na hapa ndipo napotaka unisikilize vizuri, kwa sababu hiki ndicho kitu kimoja nilicho nacho cha kukwambia na mengine yote yanatoka humo. Kazi hii haimalizwi na mtu mwenye wazo zuri la kutambua molekuli. Inamalizwa na mtu anayeweza kufanya elektrodi yake iendelee kusema kweli ikiwa imezama kwenye damu yenyewe, mate yenyewe, jasho lenyewe, pamoja na uchafu wake wote.

Angalia hata tulikotokea. Leland Clark, Mmarekani, miaka ya 1950 alikuwa anahangaika na mashine ya kuingiza oksijeni kwenye damu na alihitaji kujua oksijeni iliyoingia ni kiasi gani. Elektrodi ya platini ukiitumbukiza kwenye damu ikiwa wazi inachafuka, protini zinaganda juu yake usomaji unaporomoka. Alichofanya ni kuifunika platini pamoja na elektrodi rejea, ile ambayo volti zote zinapimwa kwa kulinganisha nayo, zote mbili, nyuma ya utando mwembamba wa plastiki ya polithini, oksijeni inapenya protini zinabaki nje. Akachapisha 1956. Mwaka 1962 yeye na mwenzake Lyons wakapendekeza kukibana kimeng'enya cha glukosi kwenye uso wa elektrodi ile ile, glukosi ikiliwa oksijeni inapungua, unapima kupungua kule, na hapo ndo tunapohesabia biosensa ya kwanza. Sasa rudi nyuma uone, kabla hakujawa na kimeng'enya chochote, kilichotangulia ni utando. Mtu alishughulika na uchafu wa damu kwanza, biosensa ikafuata.

Tena ukifuatilia safari yake utaona ni hivo hivo kila hatua. Mashine ya kwanza ya biashara, ya kukaa mezani maabara, ilitoka kwa Yellow Springs Instrument 1975, ile ilipima haidrojeni peroksaidi inayozalishwa na kimeng'enya. Shida ni kwamba kuipima peroksaidi unahitaji kama volti 0.6 au 0.7, na kwa volti hizo vitamini C nayo inachomeka, asidi ya yuriki inachomeka, hata panadoli aliyokunywa mgonjwa inachomeka, zote zinakuongezea umeme ambao si wa glukosi. Halafu oksijeni yenyewe kwenye damu ya kidoleni inapanda na kushuka. Mwaka 1984 kikundi cha Oxford na Cranfield kule Uingereza wakaonyesha kwamba unaweza kuiweka oksijeni pembeni ukatumia ferosini, molekuli ndogo yenye chuma katikati inayofanya kazi ya dalali, inachukua elektroni kwa kimeng'enya inazipeleka kwenye elektrodi, na kwa volti ya chini zaidi. 1987 ikatoka mita yenye umbo la kalamu ambayo mgonjwa anakaa nayo mfukoni. Piga hesabu, kutoka 1962 mpaka mkononi mwa mgonjwa ni miaka 25, na karibu muda wote huo watu walikuwa wanapigana na vurugu za damu, wala si na wazo la kimeng'enya ambalo lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Ndo maana nakwambia elektrodi kwanza. Nikupe mfano wangu mwenyewe uone namaanisha nini.

Mwaka wa kwanza wa PhD nilikuwa natumia elektrodi za kuchapwa, zile ambazo zote tatu ziko kwenye kipande kimoja cha plastiki, ya kazi ni duara dogo la kaboni, ya kukamilisha saketi inalizunguka, na ya rejea ni kijimstari cha wino wa fedha na kloraidi ya fedha, rangi ya kijivu. Nilikuwa napima kwenye bafa (maji ambayo pH yake haiyumbi) ya kawaida ya fosfeti, ile yenye chumvi ya mezani milimoli 137 kwa lita, na kilele changu cha mkondo, ile volti ambayo umeme unapanda juu kabisa, kilikuwa kinakaa pale pale kila siku, nikaridhika. Nikahamia kwenye seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, ili kupunguza uchafu nikaizimua mara kumi kwa maji yaliyotakaswa, nikapima, kilele kikahama milivolti sitini na kitu kuelekea upande wa hasi. Wiki mbili nzima mdogo wangu nikaamini nimegundua kitu, kwamba protini za damu zinaishikilia molekuli yangu na kubadili tabia yake, nikachora na mchoro wa kuelezea, nikaanza na aya za kwanza za makala. Siku moja mama mmoja fundi wa maabara, aliyekaa pale miaka mingi kuliko maprofesa wengi, akasimama nyuma yangu akatazama skrini akaniuliza swali moja tu: "Kloraidi umeiacha wapi?"

Kile kijimstari cha fedha hakina maji yake ya chumvi ndani kama elektrodi rejea ya kioo, kinategemea kloraidi iliyomo kwenye sampuli yako, na kloraidi ikipungua mara kumi rejea inahama milivolti 59 kwa nyuzi 25. Mimi nilikuwa nimeizimua. Nikarudisha chumvi kwenye seramu, kilele kikarudi mahali pake kama vile hakijawahi kuondoka. Hakukuwa na ugunduzi wowote, kipimio nilichokuwa nasimamia ndo kilikuwa kimesogea chini ya miguu yangu.

Sasa mtu aliyesoma vijia tu ananunua hizi elektrodi kwenye boksi, anazibandika chini ya kijia chake, anaona kilele kimehama, na hana pa kuanzia. Kujenga kijia kizuri unaweza kujifunza miezi sita ukiwa na mtu wa kukushika mkono, lakini kujua elektrodi inakwambia nini na inakuficha nini kunataka miaka, na ni vizuri hiyo miaka ikawa ile ya mwanzo ambapo hakuna anayekudai matokeo kila wiki. Na wewe umetoka kemia, tayari uko nusu njia.

Ila usinielewe vibaya nikionekana nadharau vijia, bila vijia nako hufiki. Twende na hesabu kidogo kwa sababu hesabu hii ndo iliyonibadilisha mimi. Molekuli ndani ya maji yaliyotulia inasafiri kwa kutangatanga, na muda inaouchukua unakwenda na mraba wa umbali, umbali ukizidi mara kumi muda unazidi mara mia. Protini ya kawaida, ukiidondosha sampuli yako juu ya elektrodi tone likawa na kimo cha milimita moja, kutoka juu ya tone mpaka chini inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Kijia chenye kimo cha mikromita 50, sekunde kumi na mbili hivi. Yaani umekaa unaboresha kingamwili yako, unabadilisha dhahabu, unabadilisha gundi, kumbe troponini zako hata hazijafika kwenye elektrodi, ziko njiani. Ukishaliona hilo kwenye hesabu yako mwenyewe utaenda kwa wahandisi kwa miguu yako bila kulazimishwa na mtu.

Na humo kwenye vijia dunia inabadilika kabisa. Maji yakitembea milimita moja kwa sekunde kwenye kijia cha mikromita 100, namba ya Reynolds, ile inayolinganisha nguvu ya mwendo na unata wa kimiminika, ni kama 0.1, mtibuko haupo, vimiminika viwili vinatembea ubavu kwa ubavu kama watu wasiojuana, rangi nyekundu huku na bluu kule mpaka mwisho wa kijia, vinachanganyika kwa kutangatanga kwa molekuli tu. Ukipunguza kimo cha kijia kipana kwa nusu, msukumo unaohitajika kupitisha kiasi kile kile cha maji unapanda mara nane. Mambo haya ukiyajua mapema unaacha kubuni kwa kubahatisha.

Halafu kuna kiputo. Kuna kitu hakikuandikwa sana kwenye makala za watu lakini kila aliyewahi kuweka elektrodi ndani ya kijia anakijua, ni kiputo cha hewa. Unakuwa umeiweka chipu chini ya darubini, pampu inasukuma taratibu, mkondo wako kwenye skrini umenyooka vizuri, ghafla unashuka ngazi moja. Unaangalia kwenye darubini unaona duara lenye ukingo mweusi na mwanga katikati limekaa juu ya dhahabu, haliondoki, maji yanapita pembeni yake. Linaziba theluthi ya elektrodi, na mkondo umepungua karibu theluthi. Ukiongeza kasi linatikisika tu, ukiongeza zaidi linateleza linaenda kukaa kwenye kona ya mbele, dakika tano baadaye linaingia jingine. Dawa zipo na zote ni za uvumilivu: unatoa hewa kwenye vimiminika kabla hujaanza, manake vikipata joto ndani ya chipu hewa iliyoyeyuka inatoka, unakilowesha kijia kwanza kwa kimiminika kinachotambaa kirahisi kama ethanoli ndo unafuatisha bafa, unachora kijia bila kona kali, na unaweka kizuizi kidogo upande wa kutokea ili shinikizo ndani libaki juu kidogo. Nimeona wanafunzi wazuri sana wakilia kwa ajili ya kiputo, na nimeona mmoja akipata kazi kampuni kubwa kwa sababu kwenye usaili aliulizwa kuhusu viputo akaongea dakika ishirini bila kusita.

Kitu kingine cha vijia ambacho nataka uingie nacho kichwani ni plastiki. Maabara karibu zote zinatengeneza vijia kwa ile silikoni laini ya PDMS, unachanganya sehemu 10 kwa 1 ya kigumisho, unamimina juu ya kalibu iliyochorwa, unaoka, unabandua, unapitisha plazma ya oksijeni unabandika kwenye kioo. Kazi ya kikundi cha Whitesides pale Harvard, 1998, ndo iliyofanya hii njia iwe ya kila mtu, na mi naipenda kwa sababu asubuhi una wazo jioni kesho yake una chipu. Lakini PDMS inanyonya molekuli ndogo zisizopenda maji. Ukipima homoni fulani ndani yake homoni inaingia kwenye ukuta, wewe unaandika kwamba sampuli ina kidogo. Na viwandani hawaitumii kwa bidhaa za mamilioni, wanachonga kalibu ya chuma wanapiga plastiki ngumu kwa sindano. Kwa hiyo jenga na PDMS ukijifunza, lakini mwaka wa tatu hivi jaribu wazo lako kwenye plastiki ngumu au hata kwenye karatasi, tangu 2007 kikundi hicho hicho kilipoonyesha vijia vya karatasi vinavyovuta sampuli vyenyewe bila pampu, kumekuwa na kazi nzuri sana upande huo, na miaka miwili tu baadaye watu wakaweka elektrodi humo humo kwenye karatasi.

Ukitaka kuona ndoa ya hivi vitu viwili ikiwa imekamilika, tafuta siku moja mtu mwenye katriji iliyotumika ya mashine ya i-STAT, ile ya kushika mkononi wanayotumia hospitali tangu miaka ya 1990, uifungue kwa adabu na glavu mkononi. Ndani kuna kifuko kidogo cha maji ya kusawazishia. Mashine inakitoboa kwanza, maji yanapita juu ya sensa, sensa zinajipima kwenye kitu kinachojulikana, halafu ndo hewa inasukuma damu ije ichukue nafasi yake. Kila katriji inajisawazisha yenyewe dakika ile ile kabla ya kugusa damu ya mgonjwa. Mimi nilipokiona kile kifuko nilinyamaza kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemaliza miaka miwili nikijaribu kuifanya elektrodi isiwe inatambaa, yaani usomaji wake usihame taratibu, na wale wameamua iache itambae, wataipima kila mara.

Haya, tuje kwenye ajira maana najua hapo ndo nyumbani wanapokuuliza.

Kufundisha chuo ni njia mojawapo na ni nzuri kama unaipenda, mimi nimebaki huko kwa kupenda. Lakini ukitoka na elektrokemia iliyokaa vizuri mikononi milango ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna kampuni za vipimo, za sensa za kuvaa mwilini, za kupima maji na usalama wa chakula, kuna kazi za ubora na usajili wa vifaa tiba ambazo wengi hawazijui na zinahitaji sana mtu aliyewahi kugusa sensa mwenyewe. Na kuna betri. Njia ya impidansi, ile ya kutuma umeme wa masafa tofauti na kuchora nusu duara, ndo hiyo hiyo unayotumia kwenye sensa ya kingamwili, kwenye betri ya lithiamu na kwenye kutu ya bomba. Tena mfano upo wa mtu mzima kabisa: Adam Heller alifanya kazi kwenye betri za lithiamu na thayonili kloraidi miaka ya 1970 akiwa kiwandani, baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin akaja na namna ya kukiunga kimeng'enya na elektrodi kwa polima yenye osmiamu, kama vile kukitia nyaya, mwaka 1996 akaanzisha kampuni ya TheraSense na mwanawe, na 2004 ikanunuliwa na Abbott. Ile sensa ya kubandika mkononi siku 14 bila kujitoboa kidole kila saa, iliyoingia soko la Ulaya 2014, imesimama juu ya hizo nyaya. Betri na sukari, mtu mmoja, elektroni zile zile.

Upande wa maikrofluidiki nao una kazi zake, mashine za kusoma jenomu, za kuchambua seli moja moja ndani ya matone, viungo vya mwili kwenye chipu, utengenezaji wa chembe za mafuta zinazobeba dawa. Hakuna njaa huko pia, nisikudanganye.

Kitakachokutofautisha na wenzako mia wenye PhD kama yako ni hiki nilichokwambia, umefika kwenye sampuli halisi au hujafika. Soma makala utaona nyingi zinashindana nani amepata kikomo cha chini zaidi cha kugundua, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho sensa inakiona. Kanuni yake ni mara tatu ya mkengeuko sanifu wa sampuli tupu gawanya kwa mteremko wa mstari wako, na ukipima kwenye bafa safi, kwa elektrodi moja nzuri uliyoichagua, utapata namba ndogo ya kupendeza isiyomsaidia mgonjwa yeyote. Elektrodi ya kesho yake inasoma tofauti kwa asilimia 20 na hilo halijaandikwa. Ukisoma kiwango cha ISO 15197 cha 2013 cha mita za sukari utaona dunia ya kweli inauliza maswali gani: asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya maabara rejea kwa sukari ya miligramu 100 kwa desilita na kuendelea, na chini ya hapo ndani ya miligramu 15. Hakuna anayeuliza kikomo. Wanauliza ulinganifu na mashine inayoaminika, kwenye damu za watu wengi, kwa bechi tofauti za stripu. Na ukitaka kujua ukiukwepa ukweli huo unaweza kuishia wapi, kasome habari ya Theranos, kampuni iliyoanzishwa 2003 ikiahidi vipimo vingi kwa matone machache ya damu ya kidoleni, mwanzilishi wake akatiwa hatiani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji. Damu ya kidoleni ni ngumu, inachanganyika na maji ya tishu, inabadilika tone hadi tone. Ugumu huo ulikuwepo pale pale, na haukusikia ahadi ya mtu.

Kwa hiyo nikikupangia miaka yako: mwaka wa kwanza usikimbilie kingamwili wala vitu vya nano. Shika elektrodi tupu, isugue kwa unga wa alumina, mikromita 1, halafu 0.3, halafu 0.05, mkono ukichora namba nane, uweke kwenye ferisayanaidi upime mpaka vilele viwili viachane kwa karibu milivolti 59, na ukichora urefu wa kilele dhidi ya kipeuo cha pili cha kasi ya kubadilisha volti upate mstari ulionyooka. Rudia mpaka ikuchoshe. Jenga potenshostati yako mwenyewe, kile kifaa kinachoishikilia elektrodi kwenye volti unayotaka na kupima mkondo, hata mara moja, michoro ipo wazi, kama ile ya CheapStat ya 2011, ukishaunganisha mwenyewe zile op-ampu, vikuza umeme vyake, utaelewa kwa nini elektrodi ziko tatu na si mbili. Jifunze Python, data zitakuwa nyingi. Na mwezi wako wa pili tu, sio mwaka wa nne, anza kuomba kibali cha maadili cha kutumia sampuli za watu, kinachelewa sana, pata chanjo ya homa ya ini B, halafu nenda kafahamiane na watu wa maabara ya hospitali, uwasalimie, uwasikilize, wale ndo wanajua sampuli inaharibikaje kati ya mshipa na mashine. Sensa yako ikiwa bado mbovu iweke kwenye seramu hivo hivo uone inakufa vipi, manake ukisubiri mpaka iwe nzuri kwenye bafa utakuwa umeijengea tabia ambazo damu haizitaki. Na ukiwa na kitu unadhani kinaweza kuwa bidhaa, ongea na ofisi ya hataza kabla hujakipeleka kwenye mkutano wowote, nchi nyingi ukishatangaza umepoteza.

Baada ya miaka kumi utakuwa wapi? Kama PhD ni miaka minne mitano, halafu utafiti wa baada yake miwili mitatu, mwaka wa kumi utakuwa unaanza kuwa na sauti, una kikundi kidogo au unaongoza timu kampuni. Ukiona ile miaka 25 ya mita ya sukari, usitegemee mwaka wa kumi sensa yako iwe mifukoni mwa watu, tegemea uwe umetatua kizuizi kimoja kati ya vile vinavyoizuia ifike. Kwangu mimi kilikuwa utando mmoja ambao sensa ilikuwa inakaa saa sita sasa inakaa siku nne, na nilijisikia vizuri kuliko siku ya mahafali.

Sasa ile hali niliyosema ya kugeuza. Kabla hujasaini popote waandikie wasimamizi wote wawili swali moja, lile lile, kwa heshima: sensa yenu ya mwisho ilipimwa kwenye sampuli za watu wangapi, ililinganishwa na mashine gani, na iliposhindwa ilishindwa kwa nini? Usiangalie sana ukubwa wa namba, angalia sehemu ya tatu. Yule wa elektrokemia akikujibu kwa kikomo cha kugundua na orodha ya makala, na yule wa uhandisi akakujibu kwa aya mbili za jinsi damu ilivyoganda kwenye kona ya kijia na walivyohangaika nayo, basi sahau nilichosema mwanzo, nenda kwa mhandisi, elektrokemia utaisoma usiku na mimi ntakusaidia. Wakijibu wote vizuri, elektrodi. Asipojibu yeyote kabisa, niandikie tena kabla ya tarehe ya mwisho kufika, tuangalie maabara nyingine.